Kyapa mnakiuliza, ardhi ilikunywa nini hamuulizi

Wiki iliyopita bosi mmoja aliniita nikampigie hesabu ya slabu upande wa Ndeeba, hapa Kampala, anataka kujenga mizigo minane ya kupangisha, vile vyumba vyetu vya kawaida, mlango mmoja dirisha moja, na vijana walikuwa wameshachimba msingi. Nikashuka kwenye mtaro. Futi ya kwanza ni marramu nyekundu ya juzi juzi, imeletwa na tipa, safi kabisa. Chini yake udongo mweusi, unang'aa, ukiufinya unabaki vidoleni, na harufu yake kila mtu aliyewahi kusimama kwa mekanika anaijua. Nikamuuliza bosi, hapa palikuwa na nini zamani? Akafungua mkoba akanionyesha kyapa, yaani hati ya ardhi. Kyapa kiko sawa, amelipa wakili, ameenda kwa mwenyekiti wa LC1, yule wa baraza la kijiji, ameita sevea mipaka ikapimwa upya. Nikamwambia ssebo, sikuulizi ardhi ni ya nani, nakuuliza ilikunywa nini. Akaniangalia tu.

Nimejenga miaka mingi na sijawahi kuona mtu ananunua ploti Kampala bila kuogopa kyapa feki, na ana haki ya kuogopa, watu wamelia hapa. Lakini pesa yote na hofu yote inaishia kwenye karatasi. Kama miaka ishirini palikuwa gereji na oili chafu ilimwagwa kwenye shimo nyuma, kama palikuwa na petroli stesheni na matangi bado yamelala chini, kama lilikuwa bwawa likajazwa takataka halafu likafunikwa marramu, hayo hakuna anayeyauliza. Nyumba ikishapigwa plasta na rangi, ardhi inasahaulika kabisa. Yenyewe lakini inaendelea kupumua, na pumzi yake inaingia ndani kwako usiku umelala.

Ngoja nieleze vile inavyokuwa maana wengi wanadhani kitu kikishazikwa kimeisha. Udongo una hewa kati ya chembe zake. Petroli au dawa za kusafishia vyuma zikimwagika zinazama chini, halafu zinageuka mvuke polepole, na mvuke unatafuta njia ya kupanda. Sasa nyumba yenyewe inausaidia. Hewa ya ndani ikipata joto, jiko, watu, bati la mchana, inapanda inatokea juu kwenye paa na maventileta, na hiyo iliyotoka lazima nyingine iingie, kwa hiyo nyumba inavuta kidogo kutoka chini, kwenye nyufa za sakafu, pale slabu inapokutana na ukuta, pale paipu ya choo inapopita kwenye zege. Mvua ikinyesha udongo wa nje unaloa, matundu yake yanajaa maji, na sehemu kavu inayobaki ni ile iliyo chini ya nyumba yako. Ndo maana msimu wa mvua mtu anakwambia chumba kinanuka zaidi na wenzake wanamwambia ni ukungu.

Mimi hili nimeliishi. Mwaka 2016 mimi na mama watoto tulipanga chumba nyuma ya mahali palipokuwa petroli stesheni, pampu zilishang'olewa na mbele wamejenga maduka, mtaa sitautaja. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kila asubuhi anaamka kichwa kinamuuma, akitoka nje kwenda kufua kinapoa, jioni tukifunga mlango kinarudi, tukasema ni mimba. Mpaka siku moja nimepika posho nikaonja nikaitema, unga ulikuwa umelala sakafuni kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, siku nne na umevuta ladha ya petroli. Nikasogeza kitanda. Kwenye kona kulikuwa na ufa, sio mkubwa, kalamu ya Biki haiingii, umepinda kutoka ukutani hadi chini ya mguu wa kitanda, nikaweka kiganja juu yake na nikasikia hewa ya baridi inapanda taratibu kwenye ngozi. Na sisi wenyewe tulikuwa tumeziba maventileta kwa maboksi kwa ajili ya mbu! Madirisha hatufungui usiku kwa ajili ya wezi. Nilipomwambia mwenye nyumba alisema nitandike kapeti. Tulihama mwisho wa mwezi, mtoto alizaliwa salama nashukuru Mungu, lakini wiki ileile chumba kilipata mpangaji mwingine, msichana na mtoto mchanga mgongoni, na hilo mpaka leo linanichoma kuliko lile la kwetu.

Petroli angalau inakuonya kwa harufu. Benzini iliyomo ndani ya petroli inajulikana inaleta saratani ya damu kwa mtu anayeivuta muda mrefu. Ila kuna zile ambazo pua haizishiki mapema. Traikloroethilini, dawa ya kuondoa grisi kwenye vyuma, na ndugu yake tetrakloroethilini ambayo madraiklina duniani wameitumia miaka mingi, hizi zinaweza kuwa ndani ya nyumba kwa kiasi cha kudhuru na hunusi kitu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2012 liliiweka traikloroethilini kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya figo, na kuna wasiwasi mkubwa pia kuhusu moyo wa mtoto aliye tumboni. Na haziliwi na udongo kirahisi. Petroli ikipata udongo wenye hewa, bakteria wanaila, ndo maana shirika la mazingira la Marekani, EPA, kwenye mwongozo wake wa 2015 linasema kati ya msingi na petroli yenyewe iliyolala ardhini zikiwepo futi 15 za udongo safi, au futi 6 kama ni maji ya ardhini yaliyochanganyika nayo, mara nyingi mvuke unakuwa umeliwa njiani. Kwa zile nyingine wanaanza kukagua nyumba zote zilizo ndani ya futi 100 kutoka kwenye uchafu. Futi 100 Kampala ni mizigo mingapi?

Kuna mzee wa Goma tunafanya naye kazi saiti, tunamwita Papa, yeye nilipoanza kuongea haya hakushangaa hata kidogo. Akasema fundi, kwetu hiyo tunaiita mazuku. Kule karibu na mlima wa volkano wa Nyiragongo ardhi inatoa kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mabonde na mashimo, haina rangi haina harufu, mtu anainama kuchota maji au mtoto anakimbilia mpira na hasimami tena, mbuzi wanakufa hivyo, mbwa pia. Akaniambia watu wa kule wanajua mahali pa kutopita asubuhi mapema kabla jua halijatoka na upepo haujaamka. Ile ni ya volkano, haikuletwa na mtu, lakini nilipenda kitu kimoja, kwamba wana neno. Mtoto wa miaka sita anafundishwa mazuku iko pale usiende. Sisi huku tumejaza ardhi wenyewe kwa mikono yetu na hata jina hatujaipa.

Na hii ya takataka ndo inanitisha zaidi. Takataka zikioza chini bila hewa zinatoa gesi, karibu nusu yake ni methani na nusu kaboni dioksidi, na methani ikifika asilimia 5 mpaka 15 ya hewa, kiberiti kimoja kinatosha. Uingereza, kijiji cha Loscoe, Derbyshire, tarehe 24 Machi 1986 asubuhi nyumba moja ililipuka yote ikalala chini, watu watatu waliokuwa ndani wakaumia vibaya. Haikuwa juu ya jalala, ilikuwa pembeni. Jirani kulikuwa na shimo la zamani la kuchimba udongo wa matofali, likajazwa takataka, likafunikwa, na gesi ikasafiri chini kwa chini mpaka kwenye sakafu yao. Usiku ule presha ya hewa ilishuka haraka, ardhi ikasukuma nje ilichokuwa nacho. Shimo la matofali, jamani. Sisi tuna mangapi hapa Wakiso na Mukono, na yakishachimbwa yanajazwa nini?

Kiteezi, jalala la Kampala, kila mtu anaikumbuka, Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, ule mlima wa takataka ulioanza 1996 uliporomoka baada ya mvua ukafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Tuliongea sana kuhusu kuporomoka, nani afukuzwe, takataka ziende wapi. Gesi nayo ikaongelewa kidogo tu ikapita. Jalala likifungwa halinyamazi, linaendelea kutoa gesi miaka mingi. Naogopa siku nyasi zitakapoota pale juu, mtu atakuja na sevea na kamba, akate ploti za futi 50 kwa 100.

Kinachonipa hasira ni kwamba dawa yake si kitu cha ajabu. Mwaka 1984 kule Pennsylvania kulikuwa na injinia wa kituo cha nyuklia cha Limerick, alikuwa akipita kwenye mashine za kupima mionzi zinalia, na mtambo ulikuwa haujaanza hata kuzalisha umeme. Kumbe alikuwa anaibeba kutoka nyumbani, gesi ya radoni, yenye mionzi, inapanda kutoka ardhini chini ya nyumba yake. Kutokana na mambo ya radoni watu wakazoea njia moja rahisi, unatoboa sakafu, unashusha paipu ya PVC mpaka kwenye mawe chini ya slabu, unaipandisha mpaka juu ya paa na unaweka kifeni kinachovuta muda wote, ili chini ya sakafu kuwe na mvuto zaidi kuliko ndani ya nyumba. Gesi inatokea juani badala ya kutokea chini ya kitanda. Endicott, New York, mji ambao kiwanda cha IBM kilichafua ardhi kwa traikloroethilini, mamia ya nyumba zilifungiwa mfumo huohuo.

Kwetu umeme unakatika, najua utaniambia. Kwa hiyo mimi naweka hivi, kabla ya kumwaga slabu unalaza paipu ya inchi 4 yenye matundu ndani ya hadikoo, yale mawe ya chini ya slabu, unaitoa kwenye kona, unaipandisha mpaka juu ya paa, mbali na madirisha. Upepo na joto la bati vinaivuta wenyewe hata bila feni, sio kwa nguvu ileile lakini inavuta, na siku ukitaka feni unaifunga juu bila kubomoa sakafu. Juu ya hadikoo kaveera zito, viungio vipishane vizuri na vifungwe kwa tepu, maana naona vijana wanatandaza kaveera halafu wanapita juu na wilibaro linachanika na wanamwaga zege hivyohivyo. Na tuseme ukweli, lile kaveera la kuzuia unyevu linasaidia tu, mvuke wa benzini unaweza kupenya plastiki polepole, ukiwa na ardhi chafu kweli unahitaji zito zaidi na paipu lazima, au udongo uchimbwe utolewe. Matangi ya zamani usiyafunike, yatolewe na watu wanaojua, na usiruhusu kijana ashuke shimoni na kiberiti kuangalia.

Kama tayari unaishi kwenye nyumba ya hivyo, ziba nyufa na pembezoni mwa mapaipu, fungua madirisha pande mbili asubuhi na jioni, toa hayo maboksi kwenye maventileta na weka wavu wa mbu, unga na maji viweke juu. Haitamaliza ila inapunguza. Kujua kwa uhakika kuna njia, wanatoboa sakafu tundu dogo wanavuta hewa ya chini kwenye mtungi wa chuma na kuipeleka maabara, na mimi nadhani mwenye mizigo minane ya kupangisha ndo anapaswa kulipa, sio mpangaji.

Tuna sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013, tuna sheria ya mazingira ya 2019. Plani nimepeleka nyingi ofisini, nimeulizwa choo kiko wapi, ukuta uko mbali kiasi gani na barabara, nondo ni za milimita ngapi. Sijaulizwa hata mara moja ardhi ilitumika kwa kazi gani kabla. Naomba mstari mmoja tu kwenye ile fomu, hapa palikuwa na nini, na mwenyekiti wa LC na majirani wawili waweke sahihi, maana wao wanajua. Pale Ndeeba niliuliza jjajja mmoja, mzee anayeuza maembe mbele ya ploti, hakufikiri hata dakika, akanionyesha kwa kidole, pale walikuwa wanasafishia injini, pale wanamwaga, mvua ikinyesha maji yalikuwa yanapita hapa na rangi kama ya upinde wa mvua.

Nilimrudia bosi na hesabu mbili. Ya kwanza ya slabu tu. Ya pili ina kutoa ule udongo mweusi mpaka ukutane na mwekundu, kuupeleka kwa watu wenye kibali cha taka za sumu usiende kumwagwa kwenye bwawa la wengine, kaveera zito, na paipu mbili mpaka paani. Ya pili imepanda, sana sana kwa ajili ya udongo, paipu zenyewe hazifiki nusu ya bei ya geti alilokwisha agiza. Nimemwambia ya kwanza nimeiandika ili aone tofauti, kuifanya siifanyi. Jana usiku amenipigia kuuliza kama geti linaweza kusubiri.