Kurudisha kome baharini: tuhesabu tani au tuhesabu watoto?

Hii kazi ya kurudisha kome, wale viumbe wa baharini wenye maganda mawili, kwenye maji ya pwani inasifiwa sana siku hizi na mi naielewa hiyo sifa, kome mmoja anachuja malita kwa malita ya maji kila siku, tope linaloelea analifunga na ute wake analitema linazama chini, na wakikaa wengi pamoja wanashikana kwa nyuzi zao mpaka wanakuwa kama zulia nene ambalo kaa, minyoo na samaki wadogo wanajificha humo. Ila picha ya boti ikimwaga kome inapendeza sana kiasi kwamba swali lenyewe linasahaulika: wakishamwagwa, wanapata watoto wanaobaki pale?

Chukua Ghuba ya Hauraki kule Nyuzilandi. Zamani kome wenye midomo ya kijani walitanda eneo linalokadiriwa kufika kilomita za mraba kama 500, zikaja boti na machuma ya kukokota chini, wakakokota miaka na miaka mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 hakukuwa na cha maana kilichobaki. Uvuvi ukafa. Imepita zaidi ya miaka 50 na kome bado hawajarudi. Sasa linganisha na Bahari ya Wadden upande wa Uholanzi, kule kome wa sehemu zinazokauka maji yakitoka walikaribia kuisha kabisa karibu na mwaka 1990, uvuvi ukabanwa, na baadae makundi mengi yakarudi yenyewe taratibu bila mtu kuyabeba. Kwa hiyo anayesema "acheni tu bahari ijiponye" hajakosea, inategemea bahari ipi.

Kwa nini Hauraki imegoma? Wanaotaka kumwaga kome wana hoja nzito hapa. Kome wazima na maganda ya waliokufa ndo walikuwa sehemu ngumu ya mtoto kushikia, ukishawatoa wote unabaki na tope laini, mtoto akitua anafukiwa. Bila wakubwa watoto hawana pa kukaa, na bila watoto hao wakubwa watatoka wapi, yaani huo mzunguko haujifungui wenyewe, lazima mtu aingilie.

Upande wa pili wanasema sawa, lakini tope linatoka nchi kavu jamani, misitu ilishakatwa, mashamba yakafunguliwa, na kila mvua kubwa mito inashusha udongo. Halafu wana hoja ambayo kwangu ndo inauma zaidi: ndani ya ghuba hiyo hiyo kuna wafugaji wa kome, kamba zao zimejaa kome wazima wanaotoa mayai kila msimu. Kama shida ingekuwa mbegu peke yake si wangesharudi zamani?

Majaribio yenyewe ya Hauraki yanawapa wote kidogo kidogo. Mwaka 2013 walimwaga tani 7 karibu na kisiwa cha Waiheke, 2021 wakamwaga tani kama 150 huko Mahurangi. Sehemu kadhaa kome wengi waliishi na viumbe wengine wakaongezeka pale, hilo ni la kweli na si dogo, ila watoto wapya wanaotua wenyewe wamekuwa wachache mno. Na hizo tani 150 ukizitandaza kwenye zile kilomita za mraba 500 unapata gramu 0.3 kwa mita moja ya mraba, hata ganda moja halifiki. Kwa hiyo kuwabeba na boti mpaka ghuba ijae haiwezekani, wasipozaana wenyewe umebaki na bustani tu.

Na adui si tope peke yake. Bandari ya Ōhiwa, Nyuzilandi hiyo hiyo, ilikuwa na kome zaidi ya milioni 100 mwaka 2007, kufika 2019 wamebaki chini ya laki moja, na viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota wanaokula kome, walikuwa wamejaa kupita kiasi. Kule mtafiti Kura Paul-Burke na wenyeji wa Kimaori walisuka kamba za mimea ya asili badala ya plastiki ili watoto wa kome wajishikize juu, mbali na mdomo wa adui. Mi hii naipenda kuliko boti, maana inaanza na mtoto.

Msimamo wangu: wasiache kumwaga, ila wamwage kama jaribio, sehemu chache, wengine juu ya maganda na wengine kwenye tope tupu ili tofauti ionekane, na kome wakaguliwe kabla ya kuhamishwa wasije kubeba wavamizi, maana mwani wa kigeni aina ya caulerpa ulishagundulika kisiwa cha Great Barrier, Nyuzilandi hiyo hiyo, mwaka 2021. Mfadhili naye akiuliza "mmemwaga tani ngapi" aulizwe yeye kwanza ametoa shilingi ngapi kwa ajili ya mito. Ripoti ianze na idadi ya watoto waliokutwa wameshika pale, na kama misimu ya kuzaana inapita na idadi inabaki sifuri, pesa ya boti ipandishwe kule juu udongo unakotoka.