Machinga wa Kariakoo si wavamizi wa soko

Tangu wafanyabiashara wadogo waondolewe kwenye barabara za Dar es Salaam Oktoba 2021, mjadala kuhusu mitaa ya Kariakoo umeendeshwa kana kwamba palikuwa na soko lililopangika, kisha machinga wakaja kulivuruga. Historia ya eneo lenyewe inaeleza mambo tofauti.

Jengo la soko lililoachwa na Wajerumani lilitumiwa na Waingereza, walipoutwaa mji mwaka 1916, kama kambi ya wapagazi wa jeshi, na likawa soko miaka ya 1920, katika mitaa ambayo mpango wa kikoloni uliitenga kwa Waafrika, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Biashara haikuishia ndani ya kuta zake, kwani mbele ya nyumba za Kiswahili kulikuwa na baraza, na barazani watu walikaa, walipokea wageni na waliuza. Jengo la zege alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikusudiwa zaidi kwa vyakula. Nguo, viatu na vifaa vya umeme vilivyoijaza mitaa ya Kongo na Msimbazi vilishamiri baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa miaka ya 1980, muda mfupi tu baada ya operesheni ya serikali ya Nguvu Kazi ya 1983, ambapo wauzaji wasio na leseni walikamatwa na kupelekwa mashambani. Waliondolewa, wakarudi, kwa sababu wateja hawakuwa wamehama.

Mwenye fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga, ana hoja nzito. Hulipa pango, mara nyingi la miezi mingi kwa mkupuo, pengine na kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu, juu yake. Hulipa leseni na hutoa risiti za mashine, ilhali aliyepanga bidhaa mbele ya mlango wake alitakiwa, tangu Desemba 2018, kuwa na kitambulisho cha shilingi 20,000 tu. Kitambulisho hicho kilikuwa cha wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na si vigumu kuona kwa nini jirani mwenye duka alikitilia shaka. Migomo ya Mei 2023 na Juni 2024 ilionyesha jinsi mzigo wa kodi unavyowaelemea wenye maduka.

Hata hivyo, hoja hiyo huwachukulia hao wawili kuwa washindani tu, na hapo ndipo inapopotoka. Machinga wengi huuza mzigo wa duka hilo hilo. Asubuhi huchukua bidhaa kwa mali kauli, bila fedha wala hati, wakiwa na dhamana ya kufahamika kwao. Jioni hurejesha fedha au kilichobaki. Mwenye duka la jumla hupata wauzaji asiowalipa mshahara, na kijana asiye na mtaji hupata mtaji ambao benki isingempa. Mpango huu hutegemea umbali mfupi: tajiri amwone anayeuza, na mzigo ukiisha saa sita mchana mwingine upatikane kabla wateja hawajapungua. Ukimhamisha kijana huyo kilomita kadhaa, unampunguzia wateja na papo hapo unamkatia mkopo, na hasara hiyo haionekani katika hesabu ya idadi ya vizimba vilivyogawiwa. Nadhani hili ndilo lililosahauliwa katika Machinga Complex ya Ilala, ambako ghorofa zilijengwa kwa matumaini kwamba mnunuzi wa soksi angepanda ngazi kuzifuata.

Usalama ni jambo jingine, na hapo sina utetezi kwa machinga. Moto uliounguza soko Julai 10, 2021 unatosha kukumbusha kwamba gari la zimamoto lazima lipate njia, saa yoyote na mtaa wowote. Lakini njia ya gari ina upana unaopimika. Inaweza kuchorwa chini kwa rangi na kulindwa kila siku, huku sehemu iliyobaki ikigawiwa kwa zamu na kwa ada inayojulikana. Tangu Februari 2025, biashara ya saa 24 imeruhusiwa rasmi Kariakoo, hivyo saa za kugawana zipo. Ugawaji huo ungefaa kuanzia Mtaa wa Kongo, na wenye fremu wahusishwe kuupanga, kwa kuwa sehemu ya mzigo unaouzwa barabarani ni mali yao.