Kuchomoa Bastola kwa Nia ya Kutisha

Wapo wamiliki wa silaha wanaoamini kwamba bastola ikionyeshwa mapema huokoa maisha: mvamizi anaiona, anatimua mbio, na hakuna aliyeumia. Hoja hii ina uzito. Mwaka 1983, Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, yaani mita 6 na ushei, anaweza kukufikia kwa takriban sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio anaouhitaji mpigaji aliyefunzwa ili achomoe na kufyatua. Anayengoja mpaka kisu kiinuliwe keshachelewa.

Ila Tueller alikuwa anamzungumzia mtu anayevamiwa. Wengi wanaochomoa bastola katika ugomvi wa barabarani au wa majirani hawajavamiwa na mtu. Wamepandwa na hasira na wanataka mwenzao anyamaze. Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa kuonyesha silaha. Sheria za nchi nyingi huhesabu kumtisha mtu kwa silaha kuwa kosa linalojitegemea, hata kama hakuna risasi iliyotoka. Tena aliyetishwa sasa ana sababu ya kweli ya kuhofia uhai wake. Akiwa naye ana bastola, anaweza kufyatua akijitetea, na wewe uliyetaka kutisha tu ndiye utakayehesabiwa mshambulizi. Polisi wakifika, hawajui nani alianza. Wanachokiona ni mtu aliyeshika silaha.

Halafu kuna mwili wenyewe. Ukishtuka, ukijikwaa, au mkono mmoja ukikaza kumkamata mtu, vidole vya mkono wa pili huweza kukaza pia bila wewe kuamua. Kidole kikiwa kwenye triga, risasi imetoka. Na wale wanaojitetea kwamba "haikuwa na risasi" mara nyingi walichomoa magazini, yaani kikasha kinachobeba risasi, wakasahau chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Bastola nyingi hufyatua hata magazini ikiwa imetolewa, maana risasi iliyokwishaingia chemba inabaki palepale. Mpangilio una maana: magazini kwanza, kisha uvute slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, kisha uangalie chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Ukianza na slaidi magazini ikiwa ndani, risasi moja inatoka na nyingine inaingia, nawe unaondoka ukidhani umeimaliza kazi.

Kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani, zinajulikana na pande zote mbili: kila silaha ichukulie kuwa ina risasi; usielekeze mtutu kwa usichokuwa tayari kukiharibu; kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga; jua unacholenga na kilicho nyuma yake. Anayechomoa ili kutisha anaivunja ya pili kwa makusudi, na katika hasira zile, ya nne haimjii akilini kabisa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtetezi wa kutisha ni hili: asipotishika, unafanya nini? Kama kufyatua kungekuwa halali wakati huo, basi kuchomoa pia kulikuwa halali, na akikimbia ni heri kwa wote wawili. Kama kusingekuwa halali, umebaki na silaha mkononi usiyoweza kuitumia, mbele ya mtu aliyekwishagundua hivyo na anayekusogelea.