Kilomita 10,500 zisizo na ndege

Ukiuliza kwenye intaneti umbali kati ya uwanja wa ndege wa St Helena, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini, na ule wa Mataveri katika Kisiwa cha Pasaka, kisiwa cha Chile kilicho Pasifiki, jibu linakuja papo hapo: kilomita kama 10,500, saa 12 au 13 angani. Hesabu ni sahihi. Kikokotoo kimechukua njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kikaigawa kwa mwendo wa ndege ya abiria, kilomita 850 hivi kwa saa, kikaongeza dakika za kuruka na kutua. Lakini hakuna ndege ya abiria inayopita njia hiyo, na kumpa msafiri saa hizo bila kumwambia hivyo ni kumpotosha.

Tazama njia yenyewe ilivyo. Kutoka St Helena unakwenda kwanza Johannesburg, kilomita 3,700 upande wa mashariki, yaani unaianza safari kwa kuipa mgongo. Kisha unavuka Atlantiki nzima hadi São Paulo, Brazil, unaunganisha ndege ya Santiago, mji mkuu wa Chile, na huko ndiko unakopanda ya Kisiwa cha Pasaka, kilomita nyingine 3,750 ndani ya Pasifiki. Jumla inapita kilomita 17,000. Tena ndege za St Helena ni chache mno. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni moja kwa wiki. Ukiikosa, hungoji saa, unangoja wiki.

Ndege za abiria zenye ratiba zilianza kutua St Helena Oktoba 2017. Kabla ya hapo watu walisafiri kwa meli kutoka Cape Town, siku tano baharini. Uwanja ulikuwa umeshajengwa, ila upepo unaogeuka ghafla karibu na njia ya kurukia ulichelewesha ufunguzi. Halafu kuna mafuta. Uwanja wa jirani ulio karibu zaidi, wa kisiwa cha Ascension, uko kilomita 1,300 hivi, kwa hiyo rubani hawezi kwenda na mafuta ya kufika tu. Lazima abebe ya kuzunguka akisubiri upepo utulie, na ya kugeuza asipoweza kutua. Ndiyo maana ndege ya kutoka Johannesburg imekuwa ikitua kwanza Namibia kujaza mafuta.

Hata upepo wa kawaida una neno lake. Santiago hadi Mataveri ni saa tano na nusu hivi, kwa kuwa ndege inapambana na upepo wa magharibi. Kurudi, mara nyingi hazifiki tano. Kilomita ni zilezile.

Najua wapo wanaohitaji umbali mtupu: wanafunzi wa jiografia, wapanga njia za ndege. Hao wapewe. Mimi namfikiria mtu mwenye mgonjwa kisiwani anayepaswa kupelekwa ng'ambo, au aliyefikwa na msiba na anataka kuwahi maziko. Huyo akisoma "saa 12" anaomba ruhusa ya siku mbili kazini na kuwaahidi ndugu zake kwamba atafika.

Kwa viwanja vya namna hii, jibu lingeanza na tarehe ya ndege inayofuata, likaja kwenye vituo vya kubadilisha ndege na usiku utakaolala njiani, ndipo kilomita zifuate.