Kanula ya Mtoto Mchanga: Ifuate Saa au Ingoje Dalili?

Mtoto mchanga anapolazwa kwa uambukizo wa damu, hospitali nyingi za Kenya na Tanzania humpa ampisilini au penisilini pamoja na jentamisini kwa muda wa siku 7 hadi 10. Katika wiki ya kwanza ya maisha ampisilini hutolewa kila baada ya saa 12 na jentamisini mara moja kwa siku, kwa hiyo hata matibabu mafupi ya siku 7 yana dozi 21, na zote hukusudiwa kupitia kanula moja ndogo, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa, ile ya rangi ya njano, iliyowekwa kwenye mgongo wa kiganja, mguuni au kichwani. Shida ni kwamba kanula hiyo haifiki siku ya 7. Tafiti kutoka wodi za watoto wachanga za nchi mbalimbali hutoa majibu yanayokaribiana: kwa wastani kanula hudumu kati ya siku moja na siku mbili, na sababu kubwa ya kuiondoa ni kwamba maji au dawa imeanza kuvuja nje ya mshipa. Mama anayehesabu alama za sindano mikononi mwa mwanawe anayo haki ya kuuliza kwa nini isiwekwe moja ikakaa. Muuguzi aliyewahi kuona ngozi ya mtoto ikigeuka nyeusi kuzunguka kanula anayo haki ya kuuliza kwa nini haikutolewa mapema. Maswali hayo mawili yanavutana, na kila moja lina ushahidi nyuma yake.

Kwa miaka mingi wodi za watu wazima zilifuata saa: kanula ikifikisha saa 72 au 96 hutolewa na nyingine huwekwa penginepo, hata kama ya kwanza inafanya kazi vizuri. Hofu ilikuwa kuvimba kwa mshipa, na vijidudu vinavyosafiri kutoka kwenye ngozi kufuata plastiki hadi ndani ya damu. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Queensland, Australia, kwa wagonjwa wazima 3,283. Baadhi yao walibadilishiwa kanula siku ya 3 kwa ratiba, na wengine waliachwa mpaka pawepo sababu ya kitabibu ya kuiondoa. Katika makundi yote mawili, takribani asilimia 7 walipata uvimbe wa mshipa. Kuchomwa upya kwa ratiba hakukuwa kumewakinga na chochote kilichoonekana, na hospitali nyingi zikaachana na saa.

Mwaka 2021, hata hivyo, madaktari wa hospitali ya chuo kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya kanula zaidi ya 400,000. Hospitali yao ilikuwa imeacha utaratibu wa kubadilisha kila baada ya saa 96 ikaanza kungoja dalili. Uambukizo wa damu unaotokana na kanula, ambao ulikuwa nadra sana, ukaongezeka, na waliporudi kwenye ratiba ya zamani ukashuka. Huo haukuwa mgawanyo wa wagonjwa kwa bahati nasibu kama ule wa Queensland, na bado idadi ya waliougua ilikuwa ndogo. Lakini hauwezi kupuuzwa, hasa kwa kuwa jaribio la Australia, kwa ukubwa wake wote, halikuwa na wagonjwa wa kutosha kupima jambo lililo nadra kiasi hicho.

Kwa watoto, mwongozo wa Marekani wa kuzuia uambukizo, uliotolewa na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, mwaka 2011, ulikwisha kuchukua msimamo: kanula ibadilishwe pale tu panapokuwa na sababu ya kitabibu. Naona msimamo huo ni sahihi, kwanza kwa hesabu tu. Ikiwa kanula nyingi za watoto wachanga hufa kabla ya saa 48, ratiba ya saa 72 au 96 inawagusa wachache ambao kanula zao zimedumu, yaani wale wale ambao hapana haja ya kuwasumbua. Kumtoa mtoto kanula inayopitisha dawa vizuri ni kuuacha mshipa mzuri ili kwenda kutafuta mwingine ambao huenda usipatikane, na mtoto njiti wa kilo moja na nusu hana mishipa ya kuchezea. Mshipa ukishapasuka hautumiki tena kwa siku kadhaa, na eneo lake lote chini ya palipochomwa huwa la wasiwasi. Kuna pia maumivu, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa mtoto mchanga hayahisi. Leo inajulikana kwamba anayahisi, na kwamba kumnyonyesha au kumpa matone ya maji ya sukari wakati wa kumchoma huyapunguza.

Upande wa pili, hata hivyo, ni mzito kuliko unavyoonekana katika mjadala wa watu wazima. Kwa mtu mzima hofu kuu ni kuvimba kwa mshipa na uambukizo. Kwa mtoto mchanga hofu ya kila saa ni kuvuja. Ukuta wa mshipa wake ni mwembamba, ncha ya kanula husogea kila anaporusha mkono, na hawezi kusema kwamba panauma. Kinachovuja nacho si maji matupu. Dekstrosi ya asilimia 10, yaani dripu ya sukari, huiunguza nyama, kalsiamu glukoneti huweza kuiua ngozi kabisa, na fenobabitoni, ambayo watoto wenye degedege hupewa, ni kali kwa namna hiyo hiyo. Mashine ya kusukuma dawa haiokoi hapo, kwa sababu nyama laini ya mtoto hupokea maji bila kuleta ukinzani wa kutosha kuiamsha kengele, na mashine huendelea kusukuma huku mkono ukivimba. Plasta na bandeji zinazozungushwa mara nyingi ili kanula isitoke hufunika sehemu ile ile inayopaswa kutazamwa. Hata kibao cha kunyoosha mkono, ambacho wengi wetu tunakichukulia kuwa msaada usio na mjadala, hakikuongeza muda wa kanula kilipojaribiwa kwa watoto wachanga huko New Delhi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009.

Kwa hiyo kanuni ya kungoja dalili inakuja na sharti ambalo halisemwi kwa sauti ya kutosha: lazima awepo mtu wa kuiona dalili. Katika hospitali zenye wauguzi wa kutosha, mahali pa kanula hutazamwa na kuguswa kila saa dripu inapokuwa ikitiririka, na kulinganishwa na mkono au mguu wa upande wa pili. Katika wodi nyingi za hospitali za umma za Afrika Mashariki, muuguzi mmoja wa zamu ya usiku huweza kuwa na watoto zaidi ya kumi, na miongoni mwao wapo wanaohitaji oksijeni, wanaolishwa kwa mrija na mmoja aliyeletwa sasa hivi kutoka chumba cha kujifungulia. Kuandika kwenye mwongozo kwamba kanula itolewe dalili ikionekana, bila kusema nani ataitazama na mara ngapi, ni kumtwika muuguzi huyo lawama ya jambo asiloweza kulitimiza. Dhana yangu kuhusu Geneva iko karibu na hapo: ratiba, pamoja na ubovu wake, humlazimisha mtu kwenda kuitazama kanula, na inapoondolewa bila kuwekwa kitu kingine, baadhi ya kanula husahaulika.

Je, basi wodi yenye wauguzi wachache irudi kwenye saa? Sidhani, kwa sababu saa haizuii kuvuja. Kanula huvuja saa ya 9 au ya 30. Kinachosaidia zaidi ni kuzipunguza kanula zenyewe. Mtoto aliyeanza kunyonya vizuri, au anayepokea maziwa ya mama ya kutosha kwa mrija, hahitaji dripu ya usiku kucha. Dozi zake hupigwa, kanula husafishwa kwa maji ya chumvi na kufungwa. Jentamisini huweza kuchomwa kwenye msuli. Majaribio ya AFRINEST, yaliyofanyika Kenya, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuchapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba kwa watoto wenye dalili za uambukizo ambao hali zao si mahututi na ambao familia zao haziwezi kufika hospitali, jentamisini ya msuli pamoja na amoksisilini ya kunywa haikuwa duni kuliko sindano tupu. WHO iliyatumia katika mwongozo wake wa mwaka huo huo. Mwongozo huo haumhusu mtoto aliye mahututi wodini, na sindano ya msuli nayo huuma, lakini unatosha kumfanya daktari ajiulize kila asubuhi kama kanula iliyopo bado ina kazi.

Kwa mtoto njiti atakayehitaji mshipa kwa wiki kadhaa, mrija mrefu unaopenyezwa kutoka mkononi hadi mshipa mkubwa ulio karibu na moyo huwapunguzia watoto idadi ya kuchomwa, na uchambuzi wa majaribio uliofanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa kitabibu, haukukuta ushahidi kwamba unaongeza uambukizo ukilinganishwa na kanula za kawaida. Lakini unahitaji picha ya eksirei na mikono iliyofundwa, na bei yake huuweka mbali na hospitali nyingi za wilaya. Mrija wa kitovuni hupatikana kwa urahisi zaidi, na mwongozo wa CDC wa mwaka 2011 uliruhusu ule unaopita kwenye vena ya kitovu ukae hadi siku 14 ukitunzwa kwa usafi.

Yapo macho mengine wodini ambayo hayahesabiwi, nayo ni ya mama. Aliyembeba mwanawe kifuani kwa njia ya kangaruu huona mkono ukivimba kabla ya mtu mwingine yeyote, ikiwa ameonyeshwa atazame nini na ikiwa hakaripiwi anapoita. Haifai kumfanya yeye awe kisingizio cha kutoajiri wauguzi.

Lililo rahisi kuliko yote hayo ni kumbukumbu. Karatasi ya dawa huonyesha dozi imepigwa saa ngapi, lakini mara nyingi haionyeshi kanula iliwekwa lini, mahali gani, baada ya majaribio mangapi, wala ilitolewa kwa sababu gani. Bila sababu ya kutolewa, wastani wa saa hauna maana: wodi ambayo kanula zake hukaa siku 4 yaweza kuwa na wauguzi hodari wa kuzifunga, na yaweza pia kuwa wodi ambayo hakuna anayezitazama. Safu moja ya ziada kwenye karatasi hiyo, yenye nafasi ya kuandika kuvuja, kuziba, kuchomoka, wekundu au dawa kuisha, ingetosha kuzitofautisha.