Theo Walcott na mbio zilizosubiri mguu wa mwenzake

Wapo mashabiki wa Arsenal ambao hadi leo ukiwatajia Theo Walcott wanacheka tu. Kwao ni yule kijana mwenye mbio nyingi na mpira mdogo, aliyekaa klabuni miaka 12 akisubiriwa akomae na hakukomaa. Wengine watakuwekea hesabu mezani: mechi 397, mabao 108. Wachezaji waliofikisha mabao 100 tangu klabu ile ianzishwe wanaenea kwenye daladala moja, na yeye yumo. Sasa mtu aliyefeli anafanya nini ndani ya daladala hiyo?

Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande unapima kwa kipimo chake. Wa kwanza wanampima kwa ahadi aliyowekewa na watu wengine mwaka 2006. Wa pili wanahesabu mabao bila kuuliza yalipatikanaje, na jibu limelala humo.

Tuanze na hiyo ahadi. Walcott alizaliwa Machi 16, 1989, akalelewa kisoka Southampton, na Agosti 2005 alicheza timu ya wakubwa akiwa na miaka 16. Januari 2006 Arsène Wenger, kocha wa Arsenal, alimchukua kwa pauni milioni 5 za kuanzia, na nyongeza ambazo zingeweza kufikisha milioni 12. Baadaye klabu mbili zilikubaliana zifunge hesabu kwenye milioni 9.1. Hadi Mei mwaka huo alikuwa hajacheza hata dakika moja ya Ligi Kuu. Hata hivyo Sven-Göran Eriksson, kocha wa England, alimweka kwenye kikosi cha watu 23 cha Kombe la Dunia, akamwacha Jermain Defoe. Mei 30, pale Old Trafford dhidi ya Hungary, Walcott akawa mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kuichezea timu ya wanaume ya England: miaka 17 na siku 75.

Anayemtetea Eriksson atasema kocha alikuwa anaandaa kesho. Hoja hiyo haina miguu. England ilikwenda Ujerumani na washambuliaji wanne tu. Wayne Rooney alikuwa amevunjika mfupa wa mguu mwishoni mwa Aprili, na Michael Owen naye alikuwa ametoka kupona mvunjiko kama huo. Ukiwa na washambuliaji wawili wa kubahatisha, wa nne lazima awe mtu unayemwamini. Owen aliumia goti dakika ya kwanza ya mechi na Sweden. Rooney alipewa kadi nyekundu dhidi ya Ureno. Walcott hakuingia hata dakika moja. Kwa hiyo kocha alitupa nafasi moja kati ya 23, na kijana akarudi nyumbani na jina kubwa ambalo hakulitafuta. Kila bao aliloshindwa kufunga baada ya hapo lilipimwa kwa jina hilo.

Tuje uwanjani. Kasi ya winga ni ya aina mbili. Kuna kasi ya mpira mguuni: unasimama mbele ya beki, unamyumbisha, unampita katika eneo dogo. Na kuna kasi ya kukimbilia nafasi: mpira uko kwa mwenzako, wewe unaondoka kabla haujapigwa. Walcott alikuwa wa aina ya pili, na katika aina hiyo wachache England walimfikia.

Angalia alivyofanya Zagreb Septemba 10, 2008, usiku alioifunga Croatia mabao matatu peke yake, England ikashinda 4-1 kwa timu ambayo haikuwa imewahi kupoteza mechi ya mashindano nyumbani kwake. Alianzia pembeni kulia, nje ya macho ya beki wa kushoto, mwili umekaa upande ili aone mstari wa mabeki na mpiga pasi kwa pamoja. Aliingia ndani kwa kukata kati ya beki wa pembeni na beki wa kati. Mguso wa kwanza aliusukuma mbele ili asipunguze mwendo. Kisha akapiga kwa upande wa ndani wa mguu wa kulia, mpira wa chini, wa kukatiza mbele ya kipa kwenda nguzo ya mbali. Kipa anayetoka kuziba nguzo ya karibu anabaki anautazama, na beki aliye nyuma yake mguu haufiki.

Ila silaha hiyo ina masharti. Mpiga pasi lazima ainue kichwa na kuuachia mpira mapema. Akichelewa kidogo, mkimbiaji ameshaotea. Mabeki lazima wawe wamepanda, wameacha uwazi wa mita 20 au zaidi nyuma yao. Wakishuka wakajipanga kwenye ukingo wa boksi, wakapaki basi, uwazi unakufa. Hapo Walcott alipewa mpira miguuni akiwa amesimama, beki mbele yake, kiungo mmoja akija kusaidia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kusimamia zaidi kuliko wa kuchezea, kwa hiyo beki alijua ataondoka upande wa nje na kupiga krosi. Unaziba njia ya krosi, mpira unakugonga, inakuwa kona. Ukiona hilo mara sita katika mechi moja ya Emirates, uwanja wa nyumbani wa Arsenal, dhidi ya timu inayopigania isishuke daraja, unaelewa kwa nini jukwaa lilikuwa linaguna.

Hapa ndipo maneno ya Chris Waddle yanapoingia. Machi 2010, baada ya England kucheza na Misri, Waddle, ambaye naye alikuwa winga wa taifa, alisema kijana hauelewi mchezo, kwamba hana akili ya mpira. Maneno yalimganda Walcott miaka yote. Yana ukweli nusu. Kuupatia muda wa kuondoka dhidi ya mstari wa mabeki wanne ni akili, tena akili ambayo mawinga wengi wenye chenga hawana. Lakini kwenye uamuzi wa mwisho Waddle alikuwa na haki: lini upunguze mwendo usubiri wenzako wafike, lini urudishe mpira nyuma kwa kiungo badala ya kulazimisha krosi. Na kwenye kukaba, beki wa kulia wa Arsenal mara nyingi aliachwa peke yake na watu wawili.

Mwezi huohuo, Machi 31, Barcelona walikuwa Emirates wanaongoza 2-0. Walcott aliingia kipindi cha pili na dakika chache baadaye akafunga. Mechi ikaisha 2-2. Barcelona walicheza mabeki wao wakiwa juu, karibu na katikati ya uwanja. Ndivyo alivyotaka.

Miezi miwili baadaye Fabio Capello, kocha wa England wakati huo, alimwacha kwenye kikosi cha Kombe la Dunia la Afrika Kusini, akawachukua Aaron Lennon na Shaun Wright-Phillips. Capello alikuwa na sababu: msimu ule Walcott alikuwa amesumbuliwa na majeraha na hakuwa na mechi nyingi nzuri. Lakini ukitafuta mtu wa kuingia dakika ya 65 wakati wapinzani wamechoka na wamepanda, wa kumwacha si huyo. Lennon alimaliza maisha yake ya timu ya taifa na mechi 21 bila bao. Wright-Phillips mechi 36, mabao 6. Walcott mechi 47, mabao 8. Ni kweli matatu kati ya hayo 8 ni ya usiku mmoja wa Zagreb, na anayembeza ana haki ya kulisema hilo.

Kisha likaja suala la namba tisa, ambalo mimi naona lilimpotezea muda kuliko Waddle na Capello kwa pamoja. Mwaka 2012 mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni, na mojawapo ya mambo aliyoyataka hadharani ni kuchezeshwa mshambuliaji wa kati. Januari 2013 alisaini miaka mitatu na nusu. Msimu huo ndio uliokuwa bora kwake: mabao 21 katika mashindano yote, 14 ya ligi. Wanaomuunga mkono wanataja Desemba 29, 2012, alipoanza katikati dhidi ya Newcastle na kufunga matatu katika ushindi wa 7-3. Wanataja pia fainali ya Kombe la FA ya 2015, alipoanza katikati, akafungua mabao dhidi ya Aston Villa kwa shuti la mguu wa kushoto (ndiyo, wa kushoto) bila mpira kugusa chini, Arsenal ikashinda 4-0.

Sawa. Lakini mechi hizo mbili zilikuwa wazi, na mshambuliaji wa kati halipwi kwa mechi zilizo wazi tu. Anatakiwa apokee mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, ausubirishe hadi viungo wafike, agombee mipira ya juu na mabeki wawili waliomzidi kifua. Kubwa zaidi, akiwa katikati anaonekana na mabeki wote wawili wa kati. Ile faida ya kutokea pembeni, nyuma ya macho ya beki wa kushoto aliyegeukia mpira, inapotea. Msimu wa 2015/16 alianza kwa kupewa nafasi hiyo akipokezana na Olivier Giroud. Alimaliza na mabao 5 ya ligi. Msimu uliofuata alirudishwa pembeni kulia, akafunga 19 katika mashindano yote, likiwemo la 100 kwa Arsenal dhidi ya Sutton United.

Watu hupenda kumlinganisha na Gareth Bale, na safari hii ulinganisho unafaa: walitoka akademi moja ya Southampton, wamepishana miezi minne ya kuzaliwa, wote wana kasi. Msimu uleule wa 2012/13 Bale alifunga mabao 21 ya ligi pekee akiwa Tottenham, akaenda Real Madrid. Yeye aliposogezwa katikati alizidi kung'aa. Kwa nini kwake iwezekane? Bale alikuwa na shuti la mita 25, kichwa, mpira wa adhabu, na misuli ya kumbeba beki mgongoni akiwa na mpira. Timu ikikwama, alijitengenezea bao mwenyewe. Mbio za Walcott zilihitaji mguu wa mtu mwingine uzianzishe.

Ukifuata hilo, maisha yake yote Arsenal yanasomeka kwa majina ya wapiga pasi. Cesc Fàbregas aliondoka Agosti 2011. Santi Cazorla alifika 2012, na hapo ndipo penye msimu wa mabao 21. Mesut Özil, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuona mbio za aina ile kabla hazijaanza, alifika Septemba 2013. Januari 4, 2014, katika mechi ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham, Walcott alitolewa kwa machela huku akiwaonyesha mashabiki wa wapinzani vidole vya 2-0. Picha hiyo inapendwa sana, na watu husahau kilichomlaza kwenye machela: ligamenti ya msalaba ya mbele (ACL) ya goti la kushoto ilikuwa imechanika, ile inayouzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele mguu unapokanyaga kwa nguvu.

Kwa mchezaji wa aina yake hilo ni pigo la pekee. Ligamenti hiyo inabeba mzigo mkubwa unapofunga breki na kugeuka ghafla, na winga anayekimbilia nafasi hufanya hivyo mara kwa mara: anakwenda kumdanganya beki, anasimama, anaondoka tena. Hata kasi ya mita 40 ikirudi, hatua ya kwanza inaweza kuchelewa, na mchezaji mwenyewe anaweza kuanza kuihofia. Alikosa Kombe la Dunia la Brazil na fainali ya FA ya mwaka huo, akarudi uwanjani Novemba. Aliyesema Walcott alivivia uwezo wake aikumbuke ratiba hiyo, na aongeze mabega yaliyowahi kuteguka zaidi ya mara moja kabla hajafika miaka 20.

Pasi yake ninayoikumbuka zaidi ni ya Aprili 8, 2008, Anfield, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Dakika ya 84 aliuchukua mpira karibu na boksi la Arsenal, akakimbia nao zaidi ya mita 70 katikati ya wachezaji wa Liverpool, akaukatisha kwa Emmanuel Adebayor, 2-2. Kwa kanuni ya wakati ule ya bao la ugenini, Arsenal ilikuwa inapita. Utasema huo ulikuwa mpira mguuni, tofauti na nilivyodai. Ni kweli, ila tazama marudio: Liverpool wote wamepanda, nusu ya uwanja iko tupu. Dakika mbili baadaye Steven Gerrard alifunga penalti, na mwisho ilikuwa 4-2.

Ya Everton na ya kurudi Southampton hayana mengi. Everton ilimnunua Januari 2018 kwa karibu pauni milioni 20. Mechi 85, mabao 11, katika timu iliyobadilisha makocha na haikuwa na Cazorla wala Özil. Akacheza Southampton kwa mkopo, kisha moja kwa moja, akastaafu Agosti 2023 akiwa na miaka 34.

Wiki mbili tu baada ya kumuuza, Arsenal ilimsajili Pierre-Emerick Aubameyang, mshambuliaji wa kati mwenye kasi na asiyependa kucheza na mgongo golini. Makocha walimpeleka mara nyingi pembeni kushoto, aingie ndani kwa kukata nyuma ya beki. Alifunga mabao 22 ya ligi msimu wa kwanza kamili, na 22 mengine uliofuata.