Nguru wa Shangazi Ndani ya Minibaa

Kwa mujibu wa bili ya hoteli, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri nilikunywa bia mbili, vichupa vinne vya pombe kali na chupa ndogo ya shampeni. Nikashushia soda mbili, juisi moja na maji chupa mbili, nikatafuna pakiti ya korosho na chokoleti. Yote hayo ndani ya dakika nne. Mimi pombe siijui ladha yake, na korosho za euro tisa nisingezila hata kwa dawa.

Kinachouma zaidi ni kwamba mie mwenyewe hukaa mapokezi ya hoteli, Unguja, mwaka wa tisa huu. Minibaa, vile vifriji vya vinywaji vya vyumbani, nazijua. Ila zetu ni za kuhesabiwa: dada wa usafi anafungua asubuhi, anaangalia kilichopungua, anaandika. Ile ya Vienna, Austria, haikuwa na haja ya dada.

Nilikwenda mwezi wa Januari, peke yangu, kwenye mafunzo ya siku tatu. Wenyeji walinipangia hoteli ya nyota tano ndani ya Ring, ile barabara inayouzunguka mji mkongwe. Chumba walilipa wao, ya ziada juu yangu. Kwa hiyo nilipofika, dada wa mapokezi akaomba kadi yangu ya benki, akafunga euro 150, hamsini kwa kila usiku. Kufunga si kukata: pesa inabaki kwako lakini huwezi kuigusa. Mwenye kadi ya mkopo hata hashtuki, kinachopungua ni kiwango chake cha kukopa. Mwenye kadi ya akiba kama mimi, pesa yenyewe ndiyo hiyo iliyofungiwa. Wageni wangu huwaeleza haya kila siku kwa sauti ya upole. Zamu yangu ilipofika nikaona upole ule unakera.

Sasa mzigo. Shangazi yangu anakaa Linz, saa moja na robo kwa treni kutoka Vienna, na mama hakubali mtu aende Austria mikono mitupu. Alinifungia nguru mkavu kilo nne, vipande sita, kwanza gazeti, kisha nailoni, kisha khanga kuukuu iliyofungwa fundo ambalo baharia angelisifu. Na nazi tatu.

Wabebaji wa mizigo ya mashangazi wasikilize hapa, maana wengi hunyang'anywa bure uwanjani. Nyama na vitu vya maziwa haviingii Umoja wa Ulaya ndani ya begi la abiria kutoka kwetu, hata kidogo. Samli ya bibi ikabaki Unguja. Samaki anaruhusiwa kwa matumizi binafsi, hadi kilo 20, na akiwa mbichi awe ametolewa matumbo. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Embe halimo kati ya hayo matano, mama akasema hao watu hawana akili. Papa mkavu msimguse: aina nyingi za papa zinahitaji kibali cha biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na hakuna afisa atakayekaa kutambua papa wako ni yupi baada ya kukauka.

Forodhani nilipita salama. Treni ya Railjet dakika 15 hadi stesheni kuu, kisha treni ya chini ya ardhi, U1, vituo vitatu hadi Stephansplatz. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi nne chini ya sifuri na nguru ametulia kama maiti. Tatizo lilianza chumbani, kwenye nyuzi 23. Samaki mkavu haozi kwa joto la namna hiyo, lakini harufu yake huamka. Baada ya nusu saa chumba chenye pazia la hariri kilinuka Malindi sokoni saa nne asubuhi.

Dirisha halikusaidia. Madirisha ya kule yanainama kwa ndani upande wa juu, kiganja kimoja tu, na ya hoteli hayafunguki zaidi ya hapo. Nikafikiri: baridi ndiyo iliyomlaza, basi baridi imlaze tena. Nikafungua minibaa.

Ilikuwa na lita kama 30 na imejaa. Nikatoa vitu vyote kumi na vinne, nikavipanga kitandani kwa urefu, kama wanafunzi wa kupigwa picha. Nguru wanne wakaingia mshazari. Wawili wa mwisho walikataa, mmoja kwa sababu ya kichwa. Hao nikawapenyeza nyuma ya friji, ndani ya kabati la mbao, kwenye uwazi ambao niliuona kama umeachwa kwa makusudi. Ulikuwa umeachwa kwa makusudi kweli, tutafika huko.

Minibaa za aina ile, kila kitu kimekalia kihisio chake. Ukikiinua, saa inaanza kuhesabu. Unapewa muda wa kusoma kibandiko, kuguna kwa bei na kukirudisha, aghlabu chini ya dakika moja. Ukipitiliza, umenunua: mfumo unaandika kwenye bili ya chumba, na ukikirudisha baadaye bili haijifuti. Mara nyingi huwa kuna kibandiko cha onyo ndani ya mlango. Changu kilikuwepo. Nilikifunika na nguru.

Nilijua pale nilipowasha televisheni. Skrini ilinikaribisha kwa jina, ikaniuliza kama ningependa kuona bili yangu. Maji mawili, 14. Bia mbili, 16. Soda mbili, 12. Juisi, 7. Vichupa vinne, 48. Shampeni, 55. Korosho 9, chokoleti 11. Jumla euro 172. Yale maji ndiyo yaliyonitia uchungu kuliko shampeni, kwa sababu bomba la bafuni Vienna linatoa maji ya chemchemi za milimani, yanayoletwa mjini kwa mfereji tangu 1873. Unakinga glasi, unakunywa, bure.

Nikiwa bado nasoma, mlango ukagongwa. Mfumo ukishauza haunyamazi, hutuma na ujumbe kwa mtu wa kujaza. Alisimama kijana wa kizibao cheusi na kitoroli cha chupa, akanisalimu "Grüß Gott", akaomba ruhusa, akaingia. Akaona vitu kumi na vinne vimelala kitandani, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Akaniangalia. Akafungua friji. Nguru wa juu kabisa alikuwa amegeukia mlangoni, mdomo wazi.

Kijana akafunga friji taratibu, kama mtu aliyeingia chumba ambacho si chake.

"Ni chakula?" akauliza kwa Kiingereza.

"Samaki."

"Amekufa lini?"

Swali la haki. Nikamwambia mwezi wa kumi na moja. Akatikisa kichwa kwa adabu, akasema chupa niziweke mezani na nimweleze mtu wa mapokezi, akatoka kinyumenyume na kitoroli chake.

Ningeshuka muda ule ule, mambo yangekwisha. Kazini kwangu bili iliyokosewa hurekebishwa siku hiyo hiyo, kabla mfumo haujafunga hesabu za usiku, na hilo nalijua kama jina langu. Nikasema nitashuka asubuhi, aibu ikipoa.

Kati ya saa nane na saa tisa usiku hoteli hufunga hesabu za siku. Mfumo unapitia kila chumba, unalinganisha bili na pesa iliyofungwa kwenye kadi. Changu: bili 172, kilichofungwa 150. Ukaomba benki ifunge zaidi. Benki yangu ikakataa na kunitumia ujumbe wa simu, nikaamka. Ndipo nilipoisikia ile harufu. Haikuwa ya jana.

Friji nyingi za vyumba vya hoteli hazina injini, ndiyo maana huzisikii zikinguruma usiku. Ndani yake mna maji ya amonia yanayochemshwa na hita ndogo ya umeme. Mvuke wa amonia ukipoa huwa kimiminika, nacho kikigeuka mvuke tena kinavuta joto kutoka ndani ya friji, na joto hilo hutolewa nyuma. Ubaridi wake ni wa kubembeleza tu, na unataka mambo mawili: ndani pasisongwe, nyuma pawe na upenyo wa hewa. Mimi ndani nimesonga nguru wanne, na ule upenyo wa nyuma nimeuziba na nguru wawili. Kwa hiyo friji ilishindwa kupoa, ikaendelea kujitahidi usiku kucha, na joto lake lote likawaendea wale wawili. Walikuwa wanabanikwa polepole, ndani ya kabati la mbao, kwenye chumba cha nyota tano.

Saa moja asubuhi harufu ilikuwa imefika kwenye lifti. Simu ikaita: samahani bwana, kuna kitu kinaungua? Nikashuka na mzigo kwenye khanga yake.

Msimamizi wa mapokezi alikuwa mama wa makamo, miwani ya kamba. Nikajieleza kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Hakucheka. Alisema kwamba ningepiga simu tu siku ya kwanza, wangeniletea friji tupu, wanazo kwa ajili ya wageni wenye dawa za kuweka kwenye ubaridi. Hilo nami huwaambia wageni. Jikoni kwao hakukubali nguru aingie, na alikuwa sahihi: majiko mengi ya hoteli hayapokei chakula cha mgeni kwenye vyumba vyao vya baridi. Nguru akampeleka kwenye banda la baiskeli uani, nyuzi tatu chini ya sifuri, na tiketi ya mizigo yenye namba. Chumba changu kikawekewa mashine ya ozoni ya kuua harufu, hakuna kuingia hadi jioni. Faini ya usafi alitafuta kwenye orodha yake. Ya sigara ilikuwepo, ya samaki hakuna.

Bili aliifuta mstari mmoja mmoja, na kila mstari mfumo ulidai sababu. Alinichapishia nakala. Mistari kumi na minne ya kuongeza, mistari kumi na minne ya kupunguza, na mbele ya kila mmoja neno moja: Fisch, samaki kwa Kijerumani. Zile 150 zilirudi baada ya siku nane.

Siku ya kuondoka, mhudumu wa glovu nyeupe alimleta nguru mlangoni peke yake juu ya toroli la shaba, na nazi tatu pembeni.

Linz, shangazi akafungua fundo, akainua kipande, akakinusa. Akakinusa tena. Siku mbili za baridi ya uani zilikuwa zimemnyamazisha kabisa.

"Mwanangu," akasema, "huyu mbona hanuki? Mama yako kanunua wapi?"